Nyasi Mkononi mwa Parmuat

Soipan anashona sare za shule pale Kitengela, na ulimi wake unakata kuliko mkasi wake. Mdogo wake, Parmuat, alifukuzwa chuo kikuu baada ya wanafunzi kuandamana wakidai maji hosteli. Polisi walipofika, Parmuat aling'oa nyasi akaziinua, maana Mmaasai akikunyooshea nyasi anaomba amani, na hata mwenye hasira hushusha rungu. Walimpiga na nyasi zake mkononi. Chuo kikamwita mchochezi. Siku hizi anauza mbuzi sokoni Bisil akingoja rufaa yake isikizwe.

Kwa hiyo Felix, mwongozaji wa filamu, alipokuja akisema anataka kuonyesha ukweli, Soipan hakumnyima kitu. Alimpa chai, akampa kisa chote, akamwazima hata shuka la bluu la Parmuat ili mwigizaji alivae. Namna ya kushika nyasi alimfundisha mwenyewe.

Jumamosi filamu ikaonyeshwa ukumbini, Soipan na mama yake wakiwa safu ya mbele. Wanafunzi katika filamu ile walilewa, wakavunja maduka, wakacheka. Maji hayakutajwa hata kwa bahati mbaya! Kisha likatokea shuka la bluu, na aliyelivaa ameshika jiwe. Akalirusha, likampasua polisi kichwa. Watu wakapiga makofi.

"Huyo si Parmuat?" mama akauliza kwa sauti ndogo.

Soipan aliinuka akatoka. Mwaka mzima amekuwa akiapa kwa majirani kwamba mdogo wake hakurusha hata kokoto, na wasikizaji wa rufaa nao wana macho ya kutazama filamu. Alimkuta Felix nje, uani.

"Hiyo jiwe imetoka wapi?"

"Dada Soipan, hiyo ni movie. Watu wanataka action. Nyasi nani angeelewa?"

"Action? Ndugu yangu iko na kesi! Umemchafua na nguo yake mwenyewe, mwongo wewe!"

Alimfokea mpaka watu wakajaa ua mzima. Felix akarudi nyuma, akaona hana pa kupita. Akainama haraka, akang'oa nyasi, akamnyooshea kwa mikono miwili, vile vile alivyofundishwa.

Mila ni mila. Soipan akaacha kufoka.

"Kumbe unaelewa," akasema. "Mimi nimeziona hizo nyasi, nimeacha. Parmuat alishika hizo hizo, na wewe ukampokonya, ukampa jiwe."