Supu Isiyolika ya Mpishi wa Saa Tisa

Fundi alikuwa na miaka thelathini na miwili kwenye kazi ya kunyoosha bodi za magari, na wenzake gereji walimjua kwa hasira zake. Hakuwa mtu wa matusi wala ngumi. Akiudhika alinyamaza, akachukua nyundo, akaligongagonga bati lililobonyea mpaka likanyooka, na likinyooka naye moyo wake unakuwa umetulia. Asubuhi akifika amekunja uso, wenzake walinong'onezana, "Leo ile gari itatoka mapema."

Shida ni kwamba ugonjwa wa mkewe haukuwa na bati la kugonga.

Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa maneno mengi na kicheko cha karibu, aliyeweza kula, kusimulia na kutunga uzi kwenye sindano kwa wakati mmoja. Kisha akapatikana na uvimbe tumboni. Alipasuliwa, uvimbe ukatolewa wote, daktari akasema amepona. Kilichokataa kurudi ni hamu ya kula. Kila chakula kilimnukia dawa. Alionja vijiko viwili, akasukuma sahani taratibu, akasema, "Nimeshiba." Fundi alilichukia neno hilo kuliko neno lolote. Magauni ambayo mama huyo alijishonea mwenyewe, yaliyomkaa sawasawa, sasa yalimning'inia hata alipoyapunguza, kama yametundikwa kwenye msumari.

Miezi minane ilipita hivyo. Alichokuwa hakikosi mama huyo ni kipindi cha mapishi cha saa tisa alasiri kwenye televisheni. Mpishi mwenyewe alikuwa bwana mmoja mnene, mpole wa sauti, aliyeacha kazi ya hoteli kubwa akarudi kwenye mji mdogo alikozaliwa na kufungua mkahawa. Kipindi kilirekodiwa hukohuko. Kila siku alimaliza kwa kuitazama kamera machoni na kusema, "Njoo mezani kwangu, kiti chako kipo." Mama alimtazama akiwa amejilaza kwenye kochi, shuka miguuni, kama mtu anayetazama nchi ya mbali.

Siku moja mpishi alipika supu ya kuku na viazi. Fundi alikuwa mlangoni anavua viatu vya kazi. Akamsikia mkewe anasema, si kwa mtu yeyote, "Ile naona ningeimaliza."

Fundi alibaki na kiatu mkononi. Lilikuwa neno la kwanza la hamu kutoka kinywani mwa mkewe tangu atoke hospitali.

Alijaribu kwanza yeye mwenyewe. Alitazama marudio ya kipindi, akaandika kila hatua nyuma ya boksi la rangi, akaipika supu ile mara nne. Mkewe alimshukuru mara nne na kula vijiko viwili mara nne. Ya nne Fundi aliimwaga yote kwenye sinki, akasimama pale mpaka maji yakawa meupe.

Ndipo binti yao akapiga simu kwenye mkahawa ule. Binti huyu alikuwa karani wa duka la viatu, mtu wa utaratibu, asiyependa kubahatisha. Alieleza kwamba mama yake ametoka kwenye upasuaji, ana miezi minane hali vizuri, na akaomba supu yake isiwe na chumvi nyingi. Msichana wa upande wa pili alimsikiliza vizuri sana. Aliuliza maswali pia: mama ana umri gani, aliugua nini, huwa anatazama kipindi? Akasema waje Jumamosi mchana, meza ya watu wanne, ya dirishani. Binti aliuliza mara tatu kama supu itakuwepo. Akajibiwa mara tatu kwamba itakuwepo.

Mtu wa nne alikuwa shemeji wa Fundi, mdogo wake mama, mstaafu asiye na kazi za Jumamosi wala za siku nyingine. Hakualikwa. Alitokea saa kumi na mbili asubuhi amevaa koti. "Mgonjwa ni dada yangu," alisema, "na supu ni ya wote."

Safari ilikuwa ya mwendo wa saa tano. Fundi alitandika godoro kwenye kiti cha nyuma, akaweka mto na ndoo ndogo, akaendesha polepole hadi malori yakampita kwa honi. Kila kwenye shimo alimwona mkewe kwenye kioo, ameshika mshono wa tumboni kwa viganja viwili, ameuma mdomo, kisha anatabasamu kumtoa wasiwasi. Shemeji alisimulia vipindi vya mpishi kimoja baada ya kingine.

"Yule bwana ana mkono wa baraka, shemeji. Hata maji akichemsha unayatamani."

"Basi akutoze kwa kuyatazama," alisema Fundi.

Mama akacheka nyuma, na Fundi akasahau mashimo kwa muda.

Mji ulikuwa wa barabara moja: duka la dawa, duka la misumari na mabomba, kituo cha mafuta, kisha mkahawa wenye mapazia ya miraba kama ulivyo kwenye televisheni, ila mdogo zaidi. Nje kulikuwa na magari mawili yenye milango wazi, na nyaya nene zimelala mpaka ndani. Taa kubwa zilikuwa zinawaka mchana kweupe.

Msichana mwenye faili alitoka mbio kuwapokea. "Nyinyi ndio meza ya dirishani? Mmechelewa kidogo, lakini tutawahi."

"Kuwahi nini?" Fundi aliuliza.

"Kurekodi, mzee."

Binti alisema wao hawakuja kurekodi, walikuja kula. Msichana alicheka kama aliyesikia utani, akawapangia viti. Kijana mmoja akaja na kibweta cha poda kutaka kumpaka mama usoni. Mwanamume aliyekaa nyuma ya kamera akasema, "Usimguse. Anafaa hivyohivyo."

Fundi alilisikia lile neno. Anafaa hivyohivyo: na mashavu yaliyobonyea, na shingo iliyobaki mishipa. Damu ilimpanda, lakini akamtazama mkewe amekaa wima kama mwanafunzi wa siku ya kwanza, macho yanameremeta, akaimeza hasira yake. Alijiambia, ale kwanza. Akishakula, nitasema.

Dakika mbili baadaye wakamwondoa mezani. "Uso wako umekaza sana, mzee," msichana alimwambia. "Kaa pale ukutani, mara moja tu." Akaenda ukutani.

Bakuli likaletwa. Supu ilikuwa ya dhahabu, viazi vinang'aa, mvuke unapanda taratibu. Mama aliinama juu yake, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. Kisha akafumbua macho na kukunja uso kidogo, kwa sababu haikunukia kitu. Hata hivyo akachota kijiko.

Msichana alimdaka mkono. "Si ya kula hiyo, mama. Utaumwa."

"Si ya kula?"

"Ni ya picha. Viazi tumevipaka mafuta ya mashine na gundi ili ving'ae. Huo mvuke ni wa pamba, tumeichemsha tukaificha nyuma ya bakuli. Wewe lete kijiko karibu na mdomo, tabasamu, basi."

Mama alikiweka kijiko chini kwa uangalifu, kama kitu cha mtu. "Na ya kula iko wapi?"

"Leo jiko halipiki, mama. Siku za kurekodi hatupiki."

Hapo ndipo mpishi mwenyewe akatokea, aproni nyeupe pe, akavuta kiti, akamshika mama mkono kwa mikono yake miwili. Sauti ilikuwa ileile ya upole. Alimweleza mama maneno ya kusema: kwamba alikuwa hali miezi minane, kwamba leo amefika kwenye meza hii, na supu hii imemrudishia uhai. Wala hakuhitaji kumuuliza chochote. Yote binti aliyoyaeleza kwenye simu yalikuwa yameandikwa kwenye lile faili.

Binti aliona karatasi ile, akashika mdomo.

Fundi alitoka ukutani akaingia kwenye mwanga. Nyaya zilimzonga miguuni, akaziruka.

"Mke wangu amesafiri saa tano ameshika mshono," alisema. Hakupaza sauti. "Hakuja kutazama bakuli. Bakuli angelitazama kwake."

"Mzee wangu, nakuelewa," mpishi alisema akiinuka. "Televisheni ina taratibu zake. Mama hataondoka mikono mitupu, nitampa kitabu changu cha mapishi, nimekisaini kwa mkono wangu."

"Kinalika?"

Mtu mmoja nyuma ya taa alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Fundi alilichukua bakuli kwa mikono yote miwili, akaliweka mbele ya mpishi, akaweka na kijiko kando, sawasawa, kama mhudumu. "Kula wewe. Vijiko viwili tu. Mke wangu huwa anakula viwili, na mimi huwa namshukuru."

Mpishi alitabasamu, akaitazama supu, akamtazama mtu wa kamera. "Zimeni," alisema, na tabasamu likazima pamoja na taa.

Mikono ya Fundi ilikuwa inatafuta kitu cha kugonga. Alijua kabisa kingekuwa kitu gani, na mkewe naye alijua, maana alisimama, akajishika mezani, akasema, "Fundi. Nipeleke nyumbani."

Njia nzima shemeji alijifunika koti usoni. Binti alilia kimya dirishani. Na Fundi, badala ya kumbembeleza, akamwambia, "Nani alikutuma uwatangazie habari za mama yako?"

"Niliomba wapunguze chumvi, Baba."

Fundi alikaza macho barabarani. Alijua amemwonea. Lakini hasira ilikuwa bado imemjaa, na radhi hakuomba. Mama alikuwa amefumba macho kwenye godoro. Siku hiyo hakula hata vile vijiko viwili.

Wiki tatu baadaye, mama akiwa ameacha kutazama kipindi kile, jirani alikuja anapiga makofi tangu getini. Amemwona mama kwenye televisheni, Mungu mkubwa, hongera sana. Fundi alikuwa nyumbani, akasikia yote. Walikuwa wameichukua ile nukta mama alipofumba macho na kuvuta pumzi, wakaweka juu yake sauti ya mpishi: mama huyu alikaa miezi minane hali, akaja mezani kwangu, akamaliza bakuli zima.

"Amesema nilimaliza?" mama aliuliza.

"Bakuli zima, mwenzangu."

"Hata tone sikuonja."

Jirani alicheka, akidhani mwenzake anaona haya. Na mama, ambaye tangu upasuaji alikuwa amekubali kila kitu, sindano, vidonge, huruma za watu, akabadilika uso. Fundi hakuwa ameuona uso ule kwa karibu mwaka mzima. Ulikuwa uso wa siku ile muuza vitambaa alipompunja mita mbili.

Kesho yake saa tisa, kipindi kilipoanza, alipiga simu kituo cha televisheni. "Mimi ndiye yule mama wa supu. Sikula. Nataka mlitangaze hilo hewani, kama mlivyotangaza kwamba nimekula." Walimwambia asubiri, wakamwekea muziki, simu ikakatika. Akapiga tena. Siku ya pili akapiga, ya tatu akapiga. Alijua sasa majina ya wapokea simu wote na muda wao wa kutoka. Walimzungusha idara hadi idara, naye akazunguka nao. "Nitakula nao sahani moja hawa," alimwambia binti yake, na kwa mara ya kwanza wakacheka pamoja kuhusu jambo lile.

Siku ya sita Fundi alirudi mapema. Akasikia sauti ya mkewe jikoni, kali, inayopanda: "Hapana, dada, usiniambie asante kwa kupiga. Nimesema meneja." Akachungulia. Mama alikuwa amesimama, simu imebanwa begani, mkono mmoja umeshika sufuria ya wali wa jana, mwingine kijiko. Alikuwa anasubiri muziki uishe, na akisubiri alikuwa anakula. Hakuwa anatazama anachokula. Alichota, akatafuna, akafoka, akachota tena. Fundi alisimama kwenye korido bila kujitikisa, hadi aliposikia kijiko kinakwangua chini ya sufuria.

Siku ya kumi na mbili meneja alipokea. Picha ya mama ikatolewa kwenye marudio. Ilikuja barua ya mistari miwili inayosema "kulitokea hali ya kutoelewana." Hewani hawakusema lolote, na mpishi anaendelea na kipindi chake mpaka leo.

Mama alirudi kwenye cherehani. Ilibidi ayafumue na kuyatanua magauni yale aliyokuwa ameyapunguza. Fundi alimwomba binti yake radhi Jumapili moja, kwa maneno machache, wakiwa wanaosha gari.

Shemeji ndiye aliyeharibu. Alimtazama dada yake anaongeza chakula, akasema, "Ukiangalia vizuri, yule mpishi si alimponya kweli? Kwa njia yake." Fundi hakumsemesha mwezi mzima. Kilichomuuma ni kwamba maneno yale alikuwa amekwisha kujiambia mwenyewe. Supu nne alizopika kwa mikono yake hazikumgusa mkewe. Uongo wa mtu mwingine ukamwinua. Anashukuru kwamba amepona, na hataki hata chembe ya shukrani hiyo imfikie yule bwana, na hajui aitenganishe vipi.

Ukimuuliza gereji kama amekwisha kumsamehe yule mpishi, atakujibu kwamba bado hajaombwa msamaha, kisha ataendelea kupiga msasa.