Picha za Kumalizia Mkanda

Ipo siku moja, mwanangu, haijanitoka mpaka leo, wakati hata kuinua birika kunanichosha.

Nilikuwa binti, tunakaa Chapwa, karibu na mpaka wa Zambia. Mama alimpangisha chumba Mama Ilunga, aliyekimbia vita Kongo akapitia Zambia. Jioni moja akanionyesha bahasha ya picha. Marehemu mume wake alikuwa mpiga picha. Mkanda wa kamera ukibaki kidogo, aliumalizia nyumbani ndipo aupeleke kusafishwa. Basi ilikuwa ni sufuria jikoni, nguo kambani, Mama Ilunga mwenyewe anatwanga kisamvu, nywele hazijasukwa. Nikacheka. Kwetu picha ni kuvaa viatu na kusimama wima mbele ya pazia.

"Za harusi ziko wapi?" nikamuuliza.

"Zilibaki ukutani. Usicheke, binti yangu. Harusi naikumbuka bila picha. Nyumba yangu ndiyo inaanza kunitoka. Juzi nilisahau mlango wa jikoni ulikuwa upande gani, nikalia mpaka nilipofungua hii bahasha."

Usiku ule niliona aibu, na hofu pia: kwetu hatukuwa na picha hata moja ya jikoni.

Kesho yake nikamleta mpiga picha wa stendi. Mama alikuwa anasonga ugali. "Ngoja kwanza nikavae," akasema. Nikamwambia yule kijana apige hivyo hivyo. Mama akatukimbiza na mwiko, na ndivyo alivyotoka: mdomo wazi, mwiko juu, unga mpaka kwenye nyusi. Alininunia wiki nzima, maskini.

Kwetu vita haikuja, mwanangu. Yalikuja malori tu. Nyumba tuliwauzia wenye malori ikavunjwa, sasa wanaegesha pale. Mama tulishamzika. Zile picha zake za studio ninazo, kakaza uso kama anasubiri hukumu, na wajukuu huniuliza huyu ni nani. Ya mwiko hawaulizi. Wanasema, "Bibi, hapa anakugombeza wewe." Nami namsikia kabisa.

Nimechoka, sitasema mengi. Usiache mbachao kwa msala upitao. Siku isiyo na sherehe usiidharau, na wazazi wako wapige picha wakiwa jikoni, hata wakikufokea. Mungu akujalie siku za kawaida, nyingi mpaka uzichoke.