Kamba Niliyoisifu Mirongo

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nimekaa benchi la mbele katika ukumbi wa kanisa pale Mirongo, shati nimeazima kwa shemeji, kola inanikaba, na moyoni nangoja kusifiwa. Ungeniona ungesema huyu ni bwana harusi.

Ulikuwa mkutano wa sisi tulioendesha kambi za watoto wa kanisa wakati wa likizo ya Juni. Tulitoka pande zote za ziwa. Miaka ile ya Ujamaa hata kanisani tuliitana ndugu, na kambi haikuwa nyimbo tu: asubuhi watoto wanachuma pamba ya kijiji, mchana Biblia, jioni wanaoga ziwani. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini watoto walinipenda, na kuogelea nilijua. Kaka yangu ndiye aliyenifundisha, kwa kunisukuma majini na kuondoka zake. Tuyaache hayo.

Kwenye kambi yangu, upande wa Kigongo, nilikuwa nimebuni jambo. Nilifunga kamba ya katani ndani ya maji, jiwe hadi jiwe, nikawaambia watoto: mwisho wenu hapa, na ukichoka ishike. Siku tisa kamba ikafanya kazi. Siku ya kumi binti mmoja, Neema, akaishika, ikakatika. Katani ikishinda majini na kulala majini, huoza kwa ndani. Kwa nje unaiona nzima kabisa. Sikulijua hilo mpaka siku ile. Maji yakamchukua yule mtoto, na kama si mvuvi aliyekuwa anapita na mtumbwi akamdaka mkono, leo ningekuwa nasimulia mengine. Alitapika maji, akalia sana. Jioni akala ugali na wenzake.

Basi, mkutanoni kila kiongozi alisimama kutoa taarifa. Na taarifa zetu zilikuwa na desturi yake: unataja mazuri, watu wanasema amina, unapigiwa makofi, unakaa. Anayetaja mabaya anaonekana kama anamshitaki Mungu. Zamu yangu ilipofika nikaieleza ile kamba, urefu wake, mawe yake, na fundo lake. Nikamalizia, "Watoto wote wamerudi kwao salama." Hapo hapakuwa na uongo hata neno moja, mwanangu. Ndio ubaya wake. Makofi yakalia mpaka njiwa wakaruka darini. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nilikuwa nimeshalitia kabla ya kusifiwa.

Mchana nikaenda jikoni kuchukua chakula. Mpishi alikuwa Mama Paulina, mama wa Kihaya, mtu mzima, aliyekuwa mpishi wa kambi yangu pia. Alikuwa amesikia yote dirishani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Neema umemwacha wapi?"

Nikacheka. "Yuko kwao mama, mzima."

"Najua yuko kwao. Mimi ndiye niliyemkausha kwa kanga yangu. Nauliza, katika taarifa yako umemwacha wapi?"

"Lakini mama, si amepona? Ya nini kuwatia watu hofu? Halafu kesho wanachagua mwangalizi wa kambi zote."

"Ahaa! Kumbe ni hilo." Akanipakulia ndizi taratibu, wala hakunitazama. "Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe, baba, afadhali kingekuumbua wewe. Kitakwenda kwa mtoto wa mwenzio. Kesho kabla ya sala ya kufunga, simama uwaambie."

"Nitawaambia, mama."

Nilisema hivyo ili anipe sahani yangu.

Jioni ile akanifuata Elias, kiongozi wa kambi ya upande wa Kisesa, mtu wa utani. "Bwana Kamba! Hebu nionyeshe hilo fundo. Mkono wangu umezoea jembe, kamba zinanikataa." Nikachukua kamba ya ndoo nikamwonyesha. Akafunga, akafungua, akafunga tena, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Neno lilinifika kooni. Nikalimeza.

Kesho yake nikachaguliwa. Mwenyekiti akauliza, "Kuna ndugu mwenye neno la mwisho?" Nikatazama dirishani. Mama Paulina amesimama, mwiko mkononi, ananingoja. Nikainamisha kichwa kama mtu anayesali. Tukafunga.

Juni iliyofuata habari ikaja: kambini kwa Elias amezama mtoto, Tito, wa darasa la tano. Kamba ilikatika.

Nilikwenda kuzika. Elias akanishika mabega, macho yamevimba. "Kaka, nilifunga vilevile ulivyonionyesha. Nadhani nilikosea fundo." Nami, mwanangu, nikamjibu lile neno tunalolisema misibani: kazi ya Mungu haina makosa. Yaliyokuwa makosa yangu nikamtwika Mungu, mbele ya kaburi la mtoto.

Elias aliacha kambi. Alikaa miaka mitatu akiamini mkono wake ndio ulioua. Siku moja tukakutana kwenye kivuko, tunavuka kwenda Busisi. Nikashindwa kuvumilia. Nikamweleza yote: Neema, siku ya kumi, katani inavyooza. Hakunipiga. Hakunitukana. Alitazama maji mpaka kivuko kikagusa ng'ambo, akajitwika gunia lake.

"Ungeniambia Mirongo," akasema.

Akashuka. Hatukuonana tena.

Ndiyo maana nakuandikia, wewe unayeanza kulea watoto wa watu. Watakuita kwenye mikutano, watakupa nafasi useme. Usiwasimulie siku tisa. Hizo kila mtu anazo. Anza na siku ya kumi. Makofi hutayapata, na pengine watamchagua mwingine. Waache wamchague. Na ukiwa umenyamaza jana, sema leo, kabla mwenzio hajafika majini. Maana mimi nilisema pia, ila nilisema wakati mtoto ameshazikwa.

Mungu akupe ulimi usioogopa aibu. Watoto utakaoondoka nao, urudi nao wote. Na ziwa hili likuoshe miguu tu, likuache uende nyumbani.