Kucha za Mzee wa Kitanda cha Dirishani

Nilipopangiwa kufundisha Ifakara nilipata chumba mtaa wa Lumemo, kwa bibi mmoja mjane aliyehama zamani kutoka upande wa Mahenge na kulima mpunga karibu maisha yake yote. Maneno yake yalikuwa machache. Jumuiya ya kanisa ilipokuja kusali kwake alikaa karibu na mlango, akaitikia kwa sauti ndogo kuliko wote.

Kilichonisumbua akili ni Jumamosi zake. Baada ya chakula cha mchana alioga, akajifunga kitenge safi, akachukua mkoba mdogo mweusi na kuondoka kwa miguu. Akirudi jioni alianika taulo kwenye kamba, basi.

"Bibi, huwa unaenda wapi?" nilimuuliza.

"Kusalimia."

"Kumsalimia nani?"

"Watu," akasema, akaendelea kupepeta mchele.

Jibu hilo lilinizidishia hamu. Mara nilidhani ana ndugu ambaye hataki ajulikane, mara nikadhani anauza dawa za kienyeji. Nakiri kwamba siku moja aliponipa kisogo niliutikisa ule mkoba. Ulilia kama una vijiko ndani.

Kisha ikaja Jumamosi moja ya masika, njia tope tupu, na goti lilikuwa linamuuma. Akaniomba nimsindikize. Nilikubali haraka mno, naye akanitazama kidogo kabla ya kunikabidhi mkoba.

Tulikwenda hospitali, saa ya kuona wagonjwa. Watu walipita na chupa za chai na mabakuli ya wali. Bibi alimfuata nesi aliyeonekana kumzoea, akamuuliza, "Leo nani hana mtu?"

Nesi alimwonyesha kitanda cha dirishani katika wodi ya wanaume, akampa glavu na beseni la maji ya uvuguvugu. Kwenye kitanda kile alilala mzee mrefu, mkono wake wa kulia umefungwa plasta mpaka juu ya kiwiko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akajibu, akitutazama kwa mashaka.

"Nimekuja kukukata kucha, kama hutajali."

Bibi akafungua mkoba. Ndani mlikuwa na vikata kucha viwili, mkasi, chupa ya spiriti na taulo. Hivyo tu. Nilisimama pale nikijiona mjinga kwa yote niliyokuwa nimeyawaza.

Mzee alivuta miguu ndani ya shuka. "Miguu hii ni ya porini, mama. Siyo ya kushikwa na mtu."

"Yangu ni ya majarubani, kwenye tope la mpunga," bibi akasema. "Ukiiona utanihurumia."

Akaketi, akangoja. Baada ya muda mzee akatoa mguu mmoja. Kucha zake zilikuwa nene, nyingine zimejikunja mpaka kwenye nyama. Bibi aliuloweka mguu, akaufuta, akaanza na kidole kidogo. Alikata kidogo kidogo, akipumzika kila mzee alipokunja uso.

Wakazungumza. Kwa lafudhi yake nilitambua kuwa ni Msukuma. Alisema pikipiki ilimwangusha, na watoto wake wako mbali na mifugo. Bibi naye akasema yeye ni mkulima.

"Shamba lako liko wapi?" mzee akauliza.

"Kule Mbingu, ukishavuka kijito, karibu na mti uliopigwa radi."

Mzee akaacha kumtazama. Nami nikakumbuka majirani walivyonisimulia kilichompata bibi mwaka uliotangulia. Ng'ombe waliingia katika shamba hilohilo mpunga ukiwa na masuke, ukaliwa na kukanyagwa wote. Mwenye mifugo hakupatikana.

"Mwaka jana," mzee akasema, akitazama dari, "ng'ombe zangu zilipita huko."

Kikata kucha kikasimama. Nilimtazama bibi usoni nikajaribu kusoma kitu, nisiweze. Mguu wa kwanza ulikuwa umekwisha. Aliufuta tena, ingawa ulikuwa umekauka.

"Lete mguu mwingine," akasema.

Mzee akauleta. Bibi akaendelea kukata mpaka kucha ya mwisho. Tulipoinuka, mzee alimshika bibi mkono kwa mkono wake wa kushoto, akaushikilia. Bibi akamtakia afya njema.

Njiani sikuweza kujizuia. "Bibi, umemsamehe?"

"Hasira ilinipanda mpaka hapa," akasema, akigusa koo. "Nilitaka kumwacha na mguu mmoja."

"Kwa nini hukumwacha?"

Alikwepa dimbwi la tope. "Ningesema nini kesho nikienda kukomunika? Bwana, nimekata mmoja?"

Nikacheka, naye akacheka kidogo. Ndipo nikamuuliza kwa nini kucha, kati ya mambo yote. Akaniambia kwamba wakati fulani alipolazwa yeye mwenyewe, wanajumuiya walimletea uji na wakamwombea, naye anawashukuru. Lakini kucha zake zilirefuka, zikawa zinamkwaruza usingizini, na aliona aibu kusema. Mwanamke wa Kiislamu kutoka Kidatu, aliyekuwa akimuuguza mama yake kitanda cha jirani, ndiye aliyeziona. Alivuta stuli, akazikata bila kuombwa.

"Nilijiuliza sana," bibi akasema. "Sisi tunaomba tufanane na Kristo, na huyu ameonaje ambacho sisi hatukukiona? Basi nikaanza kutazama mikono ya watu."

Jumamosi iliyofuata kitanda cha dirishani kilikuwa na kijana wa kiwanda cha sukari. Nesi alisema mwanawe alikuja kumchukua mzee. Hatukumwona tena, na sijui kama aliwaonya wachungaji wa ng'ombe wake. Msimu ule bibi alilima tena kule Mbingu, akavuna.

Mimi nilianza kwenda naye kila Jumamosi, nikapewa wodi ya wanawake. Mgonjwa wangu wa kwanza nilimkata kucha fupi mno, akaguna. Bibi alininyang'anya kikata kucha mbele yake, akanionyesha upya namna ya kukishika.