Faili Iliyokwisha Pikwa

Nina chumba kidogo karibu na soko la Jericho ambako nawachapia watu barua, programu za harusi, vitabu vya nyimbo za kanisa na chochote kinachoweza kukaa kwenye karatasi. Nina kompyuta mbili, mashine ya fotokopi, na printa ya leza niliyoichukua ofisi moja mjini ilipofungwa. Printa hiyo ina kiburi. Ukiipelekea PDF, ambayo hata simu ya mtoto wa shule inaifungua, inatema karatasi kumi zenye mstari mmoja mmoja wa alama zisizosomeka. Yenyewe inaelewa lugha yake tu, PCL. Kwa hiyo programu ninayopangia kurasa inaponiuliza mwishoni nataka kazi itoke kama PDF, PostScript au PCL, mimi hubonyeza PCL bila hata kuangalia kioo.

Nina tabia nyingine, na hiyo ndiyo iliyoniponza. Kazi ikiisha, nafuta faili ya asili, ile inayoweza kurekebishwa, nabaki na ile iliyokwisha tayarishwa kwa printa. Wateja wangu ni wajanja. Ukimpa mtu faili ya asili, wiki ijayo yuko kwa jirani anabadilisha tarehe na kuchapisha huko, halafu makosa ya jirani yanaitwa yangu. Kwa hiyo nafuta. Nilifuta za wachungaji, nikafuta za maharusi, na siku moja, huku nikinywa chai na kujisikia nadhifu sana, nikafuta ya mama yangu mzazi.

Mama ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Anaishi hapo hapo Jericho, katika nyumba ya kaunti aliyotulelea, mwendo wa dakika tano kutoka dukani kwangu. Alikuwa ameandika maisha yake katika madaftari manane, kwa mwandiko wa ubaoni, na mimi nikayapanga yakawa kitabu. Nilikichapa kwa herufi ndogo za kupendeza, nikakibana kwa gundi, nikampelekea nikitarajia makofi. Alikifungua, akakisogeza karibu na uso, akakisogeza mbali.

"Maitu," aliniambia, yaani mama kwa lugha ya kwetu, kwa sababu nimepewa jina la mama yake na hivyo ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, "umenichapia mchele?"

Sote tulijua macho yake yana presha. Jicho la kushoto lilikuwa limekwenda zamani. La kulia ndilo lililokuwa likiliwa kutoka pembeni kuja katikati, na daktari alikuwa amemweleza waziwazi kwamba kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki hakitakaa sana. Nikamwambia asijali, nitamsomea mimi. Akakataa. Alisema alitaka kukisoma mwenyewe, kwa jicho lake, kabla halijafunga.

Nikarudi dukani kwa haraka ya mtu mwenye kazi ya nusu saa. Kuongeza ukubwa wa herufi ni kazi ya amri moja tu, halafu programu inapanga mistari yote upya. Nikafungua folda. Ilikuwa na faili moja, ya PCL. Nilitafuta kwenye kompyuta ya pili, kwenye flashi zote, kwenye barua pepe, nikarudi kwenye folda ile ile kana kwamba ingenihurumia. Nikachukua flashi nikaenda kwa fundi wa kompyuta aliye mlango wa tatu. Aliifungua, akatazama, akacheka.

"Siz, hii ishakuwa chapo. Sasa unataka nikurudishie unga?"

"Si uibadilishe tu iwe PDF?"

"Naeza. Lakini itakuwa tu picha ya chapo."

Nilimkasirikia kama vile ni yeye aliyefuta. Lakini alisema kweli, chapati hairudi kuwa unga. Faili ile ilikuwa inajua mahali pa kila tone la wino, haijui tena neno ni nini wala mstari unaishia wapi. Nikajaribu fotokopi, nikakuza kila ukurasa hadi ukajaa karatasi ya A3. Herufi zikawa kubwa, ni kweli, lakini mstari ukawa mrefu kama kamba ya nguo, na mama alikuwa anaona kwa kitundu. Alisoma maneno mawili, akapoteza mstari, akautafuta, akaangukia mstari mwingine. Alikunja A3 yangu akaiweka chini ya sufuria.

Ikabidi niandike upya kitabu kizima, neno kwa neno, kwa herufi kubwa na mistari mifupi ya maneno matatu.

Siwezi kueleza vizuri siku zile. Sikuweza kukaa. Nilichapa nimesimama, nikatembea hadi mlangoni, nikarudi, nikachapa. Wateja walinisalimia nikawajibu vibaya. Stima ilipopotea nililaani, nikatoka nje kuzunguka soko mara mbili, nikarudi kutazama taa kama bado. Jioni nilirudi kwangu Komarock vidole vikiendelea kugongagonga meza ya chakula hadi mume wangu akavishika. Kila sura ikiisha niliichapisha, nikakimbia nayo kwa mama. Alikaa dirishani asubuhi, mwanga ukiwa upande wa jicho zima, akasoma polepole, kurasa mbili tatu, halafu jicho likaanza kutoa machozi tukaacha.

Siku niliyompelekea sura ya pili aliniuliza, "Ile ya wodi iko wapi?"

"Hiyo ni ya tisa, Mama. Tutafika."

Nilipopeleka sura ya nne aliuliza tena. Nikamwambia kitabu husomwa kuanzia mwanzo, yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo. Nilikuwa nimechoka na nilijiona nina haki. Alichukua karatasi za sura ya nne, akashukuru.

Nilipofika na sura ya tano hakuzipokea karatasi. Alikuwa amekaa dirishani kama kawaida, mikono juu ya magoti.

"Mistari imekwisha," alisema. "Naona herufi. Nikiishika moja, jirani yake anapotea."

Nilianza kuongea upesi upesi, kuhusu kliniki, kuhusu dawa nyingine, kuhusu kufanya mistari ya neno moja moja. Akaniacha nimalize.

"Nilikuwa nataka ukurasa mmoja tu," alisema. "Ule wa wodi. Nilikuuliza mara mbili."

Ukurasa ule niliujua. Unamhusu mtoto wake wa kwanza, msichana aliyeishi siku nne wodini, akapewa jina la mama wa baba yetu kama ilivyo desturi, kabla mimi sijazaliwa nikapewa la upande wa pili. Nyumbani hakutajwa. Niliukuta daftarini, nikauchapa, nikaendelea na sura iliyofuata.

"Kila mtu nyumba hii jina lake limepigwa chapa," mama alisema. "Kwenye vyeti, kwenye ripoti za shule, kwenye kadi za arusi. La kwake nimeliandika kwa mkono miaka yote. Sijawahi kuliona limechapwa. Na kwenye kile kitabu chako kidogo najua limo, lakini sikuliona."

"Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Ulisema tuanze mwanzo."

Nilitoka mbio. Nilipita sokoni nikigonga watu na mabeseni yao, sikusimama kuomba radhi. Dukani niliandika neno moja, herufi sita. Sikuzifanya kubwa mno, zisije zikazidi kile kitundu. Nilizifanya nene na nyeusi, kila moja na nafasi yake. Programu ikauliza itoe nini, nikabonyeza PCL, na ile printa ikatoa karatasi moja, safi, ingali na moto. Faili ya asili niliihifadhi mahali patatu.

Mama aliishika karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Aliivuta kushoto kidogo kidogo mbele ya jicho lake, akitaja herufi moja moja kwa sauti yake ya darasani. Alitaja ya sita. Halafu akalitamka jina zima, kwa nguvu, kama mtu anayemwita mtoto aliye nje aingie ndani. Sikuwa nimewahi kulisikia jina lile ndani ya nyumba yetu.

Aliiweka karatasi mapajani, akaitandaza kwa viganja vyote viwili.

"Haya," alisema. "Hayo mengine sasa unaweza kunisomea."

Nilikichukua kile kitabu cha herufi ndogo nikafungua ukurasa wa kwanza. Sikuona hata neno moja. Macho yangu yalikuwa yamejaa maji, na ilibidi mama anisubiri.