Mshindi Aliyenuna

Dada yangu Arvilla alishinda udiwani siku ya Jumanne, na kufikia Jumatano asubuhi alikuwa amenuna kuliko wote walioshindwa katika kaunti nzima ya Sussex.

Mimi ni Emory, kaka yake, na ndimi mwenye farasi, kwa hiyo kununa kwake kulikuwa shida yangu pia. Kwetu huku kusini mwa Delaware uchaguzi hauishi siku ya kura. Unaisha Alhamisi, mjini Georgetown, pale aliyeshinda na aliyeshindwa wanapopanda gari moja la farasi na kupitishwa mbele ya watu mpaka mahakamani. Huko mpiga mbiu husoma kura kutoka roshani, wakubwa wa vyama huzika shoka, ishara ya kupatana, kwenye mchanga ulioletwa kutoka pwani ya Lewes, kisha sote tunakula nyama ya ng'ombe mzima aliyeokwa. Gari la Arvilla nililiendesha mimi. Wa kukaa naye alikuwa Doyle Wilgus, mpinzani wake aliyeshindwa, na ambaye, kwa bahati yetu, ni mkwe wake. Janelle binti Doyle ameolewa na Curtis, mwana wa pekee wa dada yangu.

"Sipandi," Arvilla akaniambia, huku akikata unga uliokandwa, vipande laini vya kutia kwenye mchuzi wa kuku.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani," nikasema. "Asiyekubali kushinda sijui tumwiteje."

"Mwite vyovyote. Sipandi."

Wanaomjua dada yangu wanajua kwamba hapo palikuwa pamekwisha semwa. Ni mwanamke aliyefuga kuku tangu akiwa na meno ya utoto. Mwaka wa barafu ile kubwa, umeme ulipokatika, alilala bandani na vifaranga, akaamka na nusu yao wakiwa ndani ya koti la Harlan mumewe. Kila msimu wa baridi huwapikia watu chakula cha hisani katika kituo cha zimamoto, na hakuna aliyewahi kuthubutu kumwambia chumvi imezidi. Aligombea kwa sababu mashamba ya soya yanageuka nyumba za watu wa Washington wanaofuata bahari, na yeye alitaka angalau mtu mmoja barazani aulize ujenzi ule unakwenda kuishia wapi.

Doyle ni mtu mwema, nasema hivyo ingawa wiki ile nilitamani kumtandika. Harlan alipougua figo, akawa hana budi kupelekwa Lewes kusafishwa damu, Arvilla alimpeleka siku nyingine na Doyle akachukua Jumatano zote, mvua au jua, bila kuombwa. Ugonjwa ule ulikula kila kitu. Mwishowe Arvilla aliliuza shamba la kando ya barabara, ambalo babu yake Harlan alilisafisha kwa mikono, akawauzia wajenzi wale wale. Harlan hakuambiwa. Arvilla alisema hawezi kumzika mtu mara mbili. Tulijua mimi na Doyle tu, mpaka Harlan alipofariki, na hata baada ya hapo majirani waliona nyumba zikiota pale wakawa na adabu ya kunyamaza.

Sasa basi. Oktoba, katika kikao cha wagombea pale kituo cha zimamoto, Doyle akaona Arvilla anashangiliwa mno. Ulimi hauna mfupa. Akashika kipaza sauti akasema, "Mama huyu anataka kutulindia mashamba. Mwulizeni la marehemu mumewe liko wapi."

Watu wengine walicheka. Arvilla akaketi, akakunja karatasi yake. Nilimwona Doyle akibadilika rangi papo hapo, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Curtis na Janelle walikuwa na mtoto wa miezi minne, Tessa. Walikaa wakashauriana, wakatoa hukumu moja kwa wazee wote wawili: hatumgawi mtoto. Mpaka mtakapoweza kuketi pamoja, hatumleti kwa yeyote. Arvilla hakumpakata mjukuu wake tangu siku ile. Viatu vidogo alivyomfumia vilikaa juu ya friji, na mimi kila nilipoviona nilikuwa natazama pembeni.

Jumatano hiyo hiyo, mimi nikiwa bado jikoni, Doyle akabisha mlango wa nyuma. Kofia mkononi.

"Mkwe," akasema kwa sauti ndogo, "nimekuja kuomba radhi. Nilikosa."

Arvilla hakuacha kukata unga. "Ulinitukana kwa kipaza sauti, Doyle. Unaniomba radhi kwa kunong'ona?"

Doyle akavaa kofia yake, akaondoka.

Alhamisi palikuwa na jua na upepo. Nilifunga farasi wangu wawili, nikamchukua Doyle, ambaye alikuwa amevaa suti ya harusi ya bintiye. Arvilla alikuja pia, mkoba begani, amevaa vizuri. Lakini alisimama kwenye njia ya miguu. Msafara ulipoanza, akaanza kutembea sambamba nasi, hatua kwa hatua, macho mbele.

Jambo hilo halijawahi kuonekana Georgetown. Aliyeshindwa amekaa garini peke yake, mshindi anakwenda kwa miguu.

"Doyle, mwenzio yuko wapi?" mtu mmoja akauliza kutoka mlangoni mwa kinyozi.

"Amekushinda hata kwa miguu," akasema mwingine, na kicheko kikatangulia mbele yetu mtaani.

Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, masikio yanawaka. Nikasikia gari linayumba. Doyle alikuwa amesimama.

"Jamani," akasema. "Nilisema neno juu ya Arvilla kule zimamoto. Nilisema kwa ubaya. Shamba aliliuza ili mumewe atibiwe, na mimi nilijua, nikalisema nusu."

Arvilla, bila kugeuka, akasema, "Wale wa ng'ambo hawajasikia."

Doyle akageukia ng'ambo, akarudia. Tulipofika duka la viatu akarudia tena, maana watu pale walikuwa wengine. Mbele ya benki sauti ilianza kumkauka, mzee mmoja akampa chupa ya maji, akanywa, akasema yote tangu mwanzo. Hakuna aliyekuwa akicheka tena. Mwanamke mmoja alimwambia aendelee, anasema vizuri. Doyle sasa alikuwa ameshika kiti changu kwa mikono miwili ili asianguke.

"Kaa chini, Doyle," Arvilla akasema hatimaye. "Utaanguka, halafu wataniambia nimekuua. Kaka, simamisha."

Nikasimamisha. Akapanda, akaketi kando yake, akaweka mkoba katikati yao kama mpaka. Watu wakapiga makofi, naye akawapungia mkono kidogo tu, kwa heshima yao. Nikadhani yamekwisha.

Kisha Doyle akasema, sasa kwa sauti ya chini kabisa, "Mkwe, kuna lingine. Harlan alijua."

"Alijua nini?"

"Shamba. Jumatano moja nilisahau kuzunguka, nikapita pale. Aliona vigingi vya wajenzi. Alitazama mpaka tulipopita, akaniambia nisikwambie kwamba ameona. Akasema, 'Ana mzigo wa kutosha, asibebe na wangu.' Hakukasirika. Nakuapia."

Farasi walikwenda, watu walipunga, sisi watatu hatukuwa pale.

"Lakini nilimzungusha," Arvilla akasema. Sauti yake ilikuwa ya msichana niliyekua naye. "Siku zangu zote nilimzungusha njia ya Harbeson ili asilione. Safari ikarefuka mara mbili. Mtu mgonjwa, na mimi namtikisa kwenye barabara mbovu, kila mara namwambia kwamba ile njia nyingine inatengenezwa."

"Aliniambia hilo pia. Alisema, 'Doyle, wewe leo umenifikisha haraka mno.' Alisema zile safari ndefu na wewe ndizo alizokuwa akizingoja wiki nzima."

Sikugeuka. Nina umri wa miaka sabini na moja na najua wakati wa kutazama masikio ya farasi.

Pale kwenye kiwanja cha mahakama, Curtis na Janelle walikuwa wamesimama mbele, Tessa kifuani mwa baba yake. Arvilla akaniambia nisimame, nami nikasimamisha msafara mzima. Akanyoosha mikono, akampokea mtoto kutoka kwa Curtis, akamtazama, akambusu kichwani. Kisha akauondoa mkoba na kumpakatisha Doyle yule mtoto, kwa sababu mikono yake mwenyewe aliihitaji kufutia uso.