Mguu wa Nyamisi

Juzi pale sokoni Nyakato mvua ya ghafla ilinyeshea turubai la mama mmoja aliyeanika udaga. Ile harufu ya mihogo iliyochachuka ikapanda, nzito, ikanirudisha nyumbani kwetu upande wa Butiama. Wengine wakiisikia harufu hiyo hutamani ugali. Mimi huona aibu.

Kwetu mihogo ilimenywa, ikalowekwa siku kadhaa kwenye dimbwi chini ya majabali mpaka ilainike, kisha ikaanikwa juu ya mawe. Kuloweka na kuopoa ilikuwa kazi ya watoto wa kike, yaani mimi niliyekuwa na miaka kumi na mmoja, na mdogo wangu Nyamisi wa miaka minane. Dimbwi lile halikuwahi kuona jua. Ukiingia asubuhi hadi magotini, vidole vya miguu unaviaga kabisa.

Sasa Nyamisi alikuwa na tabia iliyotuudhi wote: aliumwa siku za mihogo. Jumapili haumwi, Krismasi haumwi, anacheza mpaka anaitwa kula. Lakini tukishaingia dimbwini, jioni yake utasikia mguu, na kesho yake mguu. Mama alimpeleka zahanati, wakamtoboa kidole, wakasema malaria hana. Basi, yakaishia hapo.

"Ugonjwa gani huu unajuaga ratiba ya kazi?" mama aliuliza siku moja, na sote tukacheka. Nyamisi naye alicheka. Hicho ndicho kinachoniuma zaidi.

Msimfikirie mama vibaya. Alikuwa mwanamke wa jembe, na uvivu wa mtoto aliuogopa kuliko homa. Na mimi nilichunguza kwa namna yangu. Nilimfunua mguu ule nikaubonyezabonyeza, nikitafuta uvimbe, kidonda, chochote. Ulikuwa mguu mzuri tu, mwembamba, wenye vumbi.

"Unauma kama nini?" nilimuuliza.

Akafikiri sana. "Unauma tu, dada."

Nikajifinya paja kwa nguvu, nijaribu kuyapata maumivu yake. Nikapata yangu.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Haya, mimi na Nyamisi tulilala kitanda kimoja, chini ya blanketi moja. Nilimsikia usiku akisaga meno na kuuma pembe ya blanketi. Nilijua. Nasema wazi hapa kwa sababu kwa miaka mingi nilijidai sikujua.

Ikaja wiki ya baridi, upepo unatoka ziwani, na mihogo imeiva majini. Kwa majuma mawili nilikuwa nimefanya kazi ya watu wawili, ngozi ya viganja inabanduka. Asubuhi hiyo Nyamisi akasema mguu. Mama akaniita pembeni.

"Wewe ndiye unalalaga naye. Niambie ukweli, huyu mtoto anaumwa?"

Nikavitazama viganja vyangu.

"Anajifanya, mama."

Neno langu ndilo lililokuwa kipimo, maana kingine hakikuwepo. Mama akamshika mkono mpaka dimbwini, akamwambia aopoe yote, na mimi nikae juu ya jabali nipumzike. Nyamisi aliingia. Aliinama na kuinuka, akajaza beseni moja baada ya jingine, uso mkavu. Kwetu kulia mbele za watu ni kuaibisha nyumba. Kaka zetu walisimama mbele ya ngariba bila kupepesa macho, na aliyepepesa hutaniwa mpaka azeeke. Nyamisi alikuwa ameyasikia hayo tangu akiwa mgongoni.

"Umeona?" mama akaniambia, karibu kwa furaha. "Angekuwa anaumwa si angelia?"

Na siku alizolia, je? Siku hizo tulisema analia ili akwepe kazi. Kwa hiyo akilia mwongo, asipolia mzima. Nilikuwa juu ya jabali, nimeshiba jua, na hilo nililiona waziwazi. Sikushuka.

Njiani kurudi alianguka na beseni. Hakusimama tena kwa majuma mengi. Hospitali ya Musoma walipima damu yake kwa namna nyingine, wakasema ana selimundu, ugonjwa wa damu, tangu kuzaliwa. Nesi mmoja mnene, mpole, akamweleza mama kwamba maji baridi ndiyo huyaamsha maumivu. Kwamba kila tulipompeleka dimbwini tulikuwa tunayaita. Ratiba ya kazi tuliyoichekelea ndiyo iliyokuwa ushahidi wenyewe. Mama alifunika uso kwa kitenge. Hakuniuliza kwa nini nilisema vile, wala hakuniuliza mpaka alipokufa. Nyonga ya Nyamisi ilikuwa imeharibika, na haikurudi.

Mwaka jana nilimsikia msomi mmoja redioni akisema kwamba haya tunayoyahisi ndani ni ubongo unajidanganya tu, kisichopimika hakipo. Alikuwa na sauti nzuri, na watangazaji walimchekea kwa heshima. Nikazima. Ningependa kumuuliza: kabla damu ya Nyamisi haijapimwa, aliyekuwa anauma blanketi alikuwa anauma nini? Maumivu yalikuwepo muda wote. Hospitali iliyapa jina tu. Tungeweza kumwamini bure.

Nyamisi anaishi Bunda sasa, anashona nguo, anapiga cherehani kwa mguu mmoja. Nikimtembelea majira ya baridi humpelekea soksi nzito, na namwona anavyojishikilia mezani kabla ya kuinuka. Kila mara namuuliza kama mguu unauma. Namuuliza kwa upole, nikitumaini kwamba safari hii ataniambia, nami nitamwamini.

"Hauumi, dada," ananijibu, bila kupepesa macho.